Umehamia nyumba mpya na intaneti imegoma: tafuta kwanza imekatikia wapi

Nairobi watu huhama mwisho wa mwezi. Kodi hulipwa kufikia tarehe 5, kwa hiyo siku hizo pikapu zilizobeba magodoro na masufuria huonekana kila mtaa, na mafundi wa faiba huwa na foleni ndefu kuliko siku nyingine zote. Aliyehama anachomeka ruta sebuleni, simu inaonyesha waifai imejaa, lakini hakuna kinachofunguka. Anapiga simu huduma kwa wateja, anaambiwa aizime ruta na kuiwasha. Anafanya hivyo, na hali ni ile ile. Mwishowe analipia kifurushi kikubwa zaidi akidhani kasi ndiyo iliyopungua.

Pesa hiyo huenda bure. Ile mistari ya waifai kwenye simu inapima kitu kimoja tu: jinsi simu inavyoisikia ruta iliyo mita chache kutoka hapo. Haisemi lolote kuhusu kama ruta yenyewe imefika kwenye intaneti. Kuna vipande vinne vinavyoweza kuharibika kila kimoja kivyake: akaunti yako katika mitambo ya kampuni, uzi wa faiba unaotoka nguzoni hadi ukutani kwako, kisanduku kinachopokea mwanga wa uzi huo, na hewa ya ndani ya nyumba kati ya ruta na simu. Kuhama huvuruga vyote vinne kwa siku moja. Ndiyo maana matatizo ya wiki za kwanza huwachanganya hata watu wanaojua kompyuta vizuri. Mara nyingi ni mawili au matatu yaliyopandana, na ukirekebisha moja bila kujua la pili, utadhani hukurekebisha chochote.

Unachobeba na unachoacha

Friji ukiihamisha unaichomeka popote na inagandisha. Kisanduku cha faiba hakiko hivyo. Kisanduku hicho, ambacho mafundi hukiita ONT, kimeandikishwa kwa namba ya utambulisho iliyo kwenye stika ya chini, ile inayoanza kwa herufi kama HWTC au ZTEG kulingana na aliyekitengeneza. Namba hiyo imefungwa kwenye mlango mmoja wa mtambo wa kampuni unaoitwa OLT. Kila mlango wa mtambo huo hutoa uzi mmoja wa mwanga, na uzi huo hugawanywa na splita ili uhudumie nyumba 32 au 64. Ukihama kutoka Umoja hadi Donholm, na wakati mwingine hata kutoka jengo moja hadi la pili upande wa pili wa barabara, umebadilisha mlango. Mtambo wa kule mpya ukiona namba usiyoitarajia, unaikatalia. Hakuna kuzima na kuwasha kutakakobadilisha hilo. Lazima mtu wa kampuni aihamishe namba hiyo kwenye mfumo wao.

Kwa sababu hiyo hiyo, kisanduku cha kampuni moja hakifanyi kazi kwenye uzi wa kampuni nyingine. Waifai yake itawaka na simu zitaunganika, lakini hazitafika popote.

Kwa hiyo ombi sahihi ni la kuhamishiwa huduma, na litolewe kabla ya siku ya kuhama, wiki mbili mapema ukiweza. Ukienda kufungua akaunti mpya huku ile ya zamani ikiwa hai, mambo matatu hutokea. Siku ulizokwisha kulipia zinaendelea kuhesabika bila wewe kutumia. Ukilipa kwa M-Pesa kwa mazoea, pesa zinaingia akaunti ya zamani kwa sababu simu imekariri namba hiyo, nawe unabaki gizani huku ujumbe ukikuambia malipo yamepokelewa. Na la tatu ambalo watu wengi hawalifikirii: ukiacha kisanduku ukutani, mpangaji mpya anaweza kutumia laini iliyoandikishwa kwa jina lako na kitambulisho chako. Beba kisanduku, adapta yake na kile kipande cha waya wa faiba chenye ncha ya kijani, au virudishe kwa kampuni na udai uthibitisho wa maandishi. Vifaa hivyo mara nyingi ni mali ya kampuni, si vyako.

Unapotuma ombi, taja namba ya akaunti, jina la jengo, ghorofa, namba ya nyumba, na uambatanishe picha ya visanduku vilivyo kwenye ngazi. Uliza pia kama siku zilizobaki kwenye kifurushi zinaweza kusimamishwa hadi fundi afike. Kampuni nyingine hukubali, lakini hakuna itakayokupa usipouliza.

Kabla ya kulipa deposit ya nyumba

Ushauri huu hufika kwa wengi wakiwa wamechelewa, lakini una thamani kuliko yote yanayofuata. Unapoenda kuangalia nyumba, panda ngazi polepole na utazame kuta za korido. Utaona visanduku vyeupe au vya kijivu vyenye majina ya kampuni, kwa kawaida kimoja kila ghorofa au kila ghorofa mbili. Hizo ndizo kampuni zilizo na uzi ndani ya jengo. Kampuni ambayo kisanduku chake hakipo italazimika kuomba ruhusa kwa mwenye nyumba, kuvuta waya kutoka nguzoni na kuweka splita, na kazi hiyo haifanywi kwa mteja mmoja ndani ya siku mbili.

Muulize keateka swali moja waziwazi: mwenye nyumba anaruhusu kampuni yoyote, au kuna moja tu? Katika majengo mengi ya Roysambu, Pipeline, Ruaka na Rongai kuna kampuni moja iliyokubaliana na mwenye nyumba, na kwingine mwenye nyumba mwenyewe ananunua laini moja kubwa na kuwagawia wapangaji kupitia swichi, kifaa cha kugawa intaneti kwa nyaya, iliyo chini ya ngazi. Intaneti ya ploti ya namna hiyo huwa nafuu, lakini kuna mambo mawili ya kujua. Kasi yake hugawanywa kati ya vyumba vyote, kwa hiyo saa 3 usiku si sawa na saa 4 asubuhi. Na swichi ile inatumia stima ya korido: tokeni za keateka zikiisha, nanyi nyote mmekatika hata kama nyumbani kwako taa zinawaka.

Bisha hodi kwa jirani mmoja. Mwombe akupimie kasi saa 2 au 3 usiku, si mchana. Jibu lake lina uzito kuliko bango lolote.

Taa za kisanduku zinasema nini

Fundi amekuja, ameondoka, na intaneti haipo. Kabla ya kupiga simu, piga magoti mbele ya kisanduku na usome taa. Majina yake hutofautiana kidogo, lakini mbili ndizo zinazoamua: PON na LOS.

LOS ikiwaka nyekundu au ikimweka nyekundu, hakuna mwanga unaofika, au unaofika ni hafifu mno. Tatizo liko kwenye uzi. Akaunti haihusiki, kifurushi hakihusiki, na waifai haihusiki. Ukimwambia mhudumu kwamba LOS ni nyekundu tangu saa fulani, umemwondolea kazi ya nusu saa.

LOS ikiwa imezima lakini PON inamweka bila kutulia, mwanga unafika ila mtambo wa kampuni haujakikubali kisanduku chako. Hapo ndipo namba ya utambulisho haijahamishwa, au imehamishwa kwenye mlango usio sahihi. Fundi wa kupanda nguzo hawezi kulitatua. Linahitaji mtu wa ofisini.

PON ikiwa kijani tulivu, LOS imezima, na bado hakuna kinachofunguka, basi barabara ya mwanga ni nzima. Kilichobaki ni malipo, jina na neno la siri la kuingilia mfumo wa kampuni, au ruta yako mwenyewe. Hali hii ndiyo huwapata wanaotumia ruta binafsi nyuma ya kisanduku: ruta bado ina jina na neno la siri la kampuni ya nyumba ya zamani. Ingia kwenye ukurasa wa ruta kupitia 192.168.0.1 au 192.168.1.1, tafuta sehemu ya WAN (upande wa ruta unaoelekea kwa kampuni), na uweke aina ya muunganisho ambayo kampuni mpya imekuelekeza. Wengine hutumia PPPoE yenye jina na neno la siri, wengine hutumia DHCP, inayogawa anwani yenyewe na isiyohitaji chochote.

Hapa kuna onyo ambalo lazima lisemwe kwa sauti. Ruta yako binafsi unaweza kuifuta na kuanza upya kwa kubonyeza kitufe cha reset sekunde 10. Kisanduku cha kampuni usikiguse kitufe hicho. Mipangilio iliyomo humo iliwekwa na kampuni, na katika visanduku vingi ukiifuta hairudi yenyewe. Kuzima kwenye soketi ni sawa. Kubonyeza reset kwa sindano kunaweza kukugharimu siku tatu za kumsubiri fundi kwa kosa ambalo halikuwepo.

Na kabla hujaulaumu uzi, angalia adapta. Wakati wa kuhama, adapta za ruta, dikoda na kamera hutupwa kwenye katoni moja, na nyingi zina tundu la ukubwa uleule. Kisanduku cha faiba kwa kawaida kinataka volti 12 na ampea 1, 1.5 au 2. Kimeandikwa kwenye stika. Volti lazima zilingane kabisa. Ampea za adapta ziwe sawa au zaidi. Adapta ya volti 9, au ya 12 yenye ampea 0.5, inaweza kuwasha taa zote vizuri, kisha kisanduku kikajizima na kujiwasha kila watu wanapoanza kutumia waifai kwa pamoja. Ukiona kinajiwasha upya chenyewe jioni, soma stika ya adapta na ya kisanduku kabla ya kitu kingine chochote.

Uzi wenyewe

Mwanga kwenye uzi wa faiba hupimwa kwa dBm, na namba zake ni hasi. Kwa mfumo unaotumika katika nyumba nyingi, kisanduku hufanya kazi vizuri kikipokea kati ya -8 na -27. Kipimo cha -18 hadi -24 ni kizuri. Ukifika -27 uko ukingoni: leo itashika, kesho itakatika. Kumbuka kwamba kila upungufu wa dB 3 ni nusu ya mwanga, kwa hiyo kati ya -21 na -27 umebaki na robo tu ya ule wa kwanza.

Mwanga unapotelea wapi? Umbali hauli mwingi, kama dB 0.35 kwa kila kilomita. Splita ndiyo inayokula: ya njia 8 hupunguza kama dB 10, ya njia 32 kama dB 17. Hizo zimekwisha kuhesabiwa na waliochora mtandao. Kinachoharibu mahesabu ni mambo madogo yaliyo mita chache kutoka kwako.

La kwanza ni uchafu. Ncha ya waya wa faiba ina sehemu nyembamba ya kioo ambayo vumbi la ukuta uliotobolewa linaweza kuiziba. Ukiichomoa, usiiguse kwa kidole wala kuifuta kwa shati. Mafuta ya ngozi yanabaki pale. Inasafishwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti safi ya isopropili, au kwa kalamu maalumu ambayo fundi anayo mkobani. Na usichungulie ndani ya ncha hiyo kamwe. Mwanga wake hauonekani kwa jicho la binadamu, kwa hiyo kutouona si dalili kwamba haupo.

La pili ni ncha zisizolingana. Ncha ya kijani imekatwa kwa mshazari, ya buluu imekatwa wima. Zote zinaingia kwenye tundu lolote na hutoa mlio uleule wa kufunga, lakini kijani ikikutana na buluu hubaki nafasi katikati na mwanga mwingi unapotea. Kosa hili hutokea mtu anapoazima waya wa jirani. Kijani iende kwa kijani.

La tatu ni kupinda. Uzi ukikunjwa kona kali nyuma ya kabati, mwanga unavuja pembeni hata kama waya haujakatika. Mviringo wowote usiwe mwembamba kuliko sentimita 3 kutoka katikati hadi ukingoni. Klipu za ukutani zisigongwe hadi zikaubana waya, na mguu wa kitanda usikae juu yake.

La nne haliko nyumbani kwako. Kisanduku cha kwenye ngazi kina milango michache, na jengo likijaa, fundi aliyekuja kumuunganisha jirani wa ghorofa ya juu anaweza kuchomoa waya wako ili apate nafasi. Ukiwa na intaneti asubuhi, fundi akaonekana kwenye korido saa sita, na LOS yako ikageuka nyekundu saa sita na nusu, mwambie mhudumu hivyo hivyo. Picha ya kisanduku cha ngazi siku uliyounganishwa, ikionyesha mlango wako, humaliza ubishi huo haraka. Wapaka rangi nao hukata nyaya, na panya pia.

Siku ya kuunganishwa, mwombe fundi kwa heshima akuonyeshe kipimo kabla hajafunga mkoba: "Kaka, hapa tumepata ngapi?" Piga picha ya namba hiyo. Baada ya miezi miwili ikishuka kutoka -20 hadi -26, una ushahidi kwamba kitu kimebadilika kwenye uzi, na mazungumzo na kampuni yanakuwa mengine kabisa. Hata usipoweza kuiona namba hiyo mwenyewe, mhudumu wa kitengo cha ufundi huweza kuisoma akiwa ofisini. Mwombe akusomee.

Mahali pa kuweka kisanduku

Fundi mwenye nyumba sita za kufikia siku hiyo ataweka kisanduku karibu na mlango wa kuingilia, kwa sababu waya unatoka koridoni. Msimamishe hapo. Waya wa ziada wa mita 10 au 15 unaofika katikati ya nyumba ni kazi ya dakika chache kwake, na kwako ni tofauti ya miaka.

Nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa kwa mawe ya kuchonga ya inchi 6 au 9, na sakafu za ghorofa ni zege lenye nondo. Waifai ya GHz 5 ina kasi kubwa lakini ukuta mmoja wa jiwe huidhoofisha sana, na wa pili mara nyingi huimaliza. Ya GHz 2.4 hupenya zaidi, ila ina nafasi ndogo, na katika jengo la vyumba 80 kila jirani anapiga kelele kwenye nafasi hiyo hiyo. Ndiyo maana mtu mwenye kifurushi cha Mbps 40 anapata 8 chumbani huku mkondo wa mwanga ukiwa hauna kasoro yoyote.

Weka kisanduku kwenye kimo cha kifua, mahali pa wazi. Nyuma ya TV ni pabaya, kando ya friji ni pabaya, ndani ya kabati la chuma ni pabaya zaidi, na kioo kikubwa cha ukutani kina madini nyuma yanayorudisha mawimbi. Ipe GHz 2.4 na GHz 5 majina tofauti kwa muda ili ujue unajaribu ipi. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11 pekee, kwa sababu hizo tatu haziingiliani, na upana uwe MHz 20. Programu ya bure ya kuchunguza waifai kwenye simu ya Android itakuonyesha ni ipi kati ya tatu hizo ina majirani wachache. Fanya hivyo saa za jioni watu wakiwa wamerudi nyumbani.

Vitu visivyotembea viunganishe kwa waya. TV na kompyuta ya mezani zikitoka hewani, simu zinabaki na nafasi. Kebo ya Cat5e inatosha kabisa: inapitisha Gbps 1 hadi mita 100. Nunua ya shaba halisi. Ile ya alumini iliyopakwa shaba ni nyepesi mkononi, na ukiikunja mara chache huvunjika ndani. Ukipima kwa kebo na kasi ikagota kwenye 94 au 95 huku kifurushi chako kikiwa cha juu zaidi, kebo ina jozi iliyokatika au mlango wa ruta ni wa Mbps 100. Kampuni haina kosa hapo.

Nyumba ikiwa kubwa, usikimbilie vile vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye soketi vinavyorudia waifai. Vingi hupokea na kutuma kwenye mawimbi yaleyale, kwa hiyo kasi hukatika karibu nusu papo hapo. Ruta yako ya zamani inaweza kufanya kazi nzuri zaidi ikiunganishwa kwa kebo. Kwanza ifute kwa reset. Iunganishe na laptopu peke yake, ingia kwenye ukurasa wake, uipe anwani isiyogongana na ya kisanduku (kama kisanduku ni 192.168.100.1, ipe ruta 192.168.100.2), zima DHCP, kisha uvute kebo kutoka mlango wa LAN (wa vifaa vya ndani) wa kisanduku hadi mlango wa LAN wa ruta, si ule wa WAN. Ukisahau kuzima DHCP, vifaa viwili vitakuwa vikigawa anwani na simu zitakatika bila mpangilio.

Kupima bila kujidanganya

Kasi ya kifurushi hutajwa kwa megabiti, lakini simu ikipakua faili huonyesha megabaiti. Gawanya kwa 8. Kifurushi cha Mbps 20 kinachopakua kwa megabaiti 2.5 kwa sekunde kinafanya kazi ipasavyo, na wengi hulalamikia jambo hilo bila sababu.

Pima kwa laptopu iliyochomekwa kebo moja kwa moja kwenye kisanduku, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa. Pima asubuhi, kisha saa 3 usiku. Halafu pima kwa waifai mahali pale pale. Kebo ikiwa nzuri na waifai mbaya, tatizo ni lako na liko ndani ya nyumba. Kebo ikiwa nzuri asubuhi na mbaya usiku, siku tatu mfululizo, watu wamezidi uwezo wa laini ya mtaa, na hilo ni la kampuni. Kebo ikiwa mbaya saa zote, rudi kwenye kipimo cha mwanga na malipo.

Kipimo cha pili ni ping, yaani kutuma ujumbe mfupi na kupima muda jibu linaochukua kurudi, na inatosha kufungua dirisha jeusi la amri kwenye laptopu. Anza na ping 192.168.100.1, au anwani yoyote ya kisanduku chako. Kwa kebo jibu linafaa kuwa milisekunde 1 au 2. Likiruka hadi 80 kwa waifai, tatizo ni hewa ya nyumbani. Kisha ping 8.8.8.8. Ikijibu vizuri lakini tovuti hazifunguki kwa majina, kilichokufa ni DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba; weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya DNS ya ruta na uendelee na kazi.

Zipo siku ambazo kila kitu nyumbani ni kizima na bado tovuti za nje zinaburuta. Intaneti ya Kenya huingia kwa nyaya za chini ya bahari zinazotua Mombasa, kama TEAMS, SEACOM na EASSy. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika na nchi kadhaa za Afrika Mashariki ziliathirika. Siku ya namna hiyo majirani wa kampuni tofauti hulalamika pamoja. Usifungue kisanduku, usibadilishe neno la siri. Subiri.

Wakati wa kusubiri fundi, na stima ikipotea

Ruta ya laini ya simu, 4G au 5G, ndiyo daraja la haraka. Iweke dirishani upande wenye mnara, si katikati ya nyumba. Ukurasa wake una namba inayoitwa RSRP: karibu na -80 ni nzuri, -110 ni dhaifu. Isogeze sentimita 50 hivi kwa wakati mmoja na usome tena. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza kuuzwa nchini Julai 2023, inataka anga wazi bila jengo wala mti, kwa hiyo mpangaji wa ghorofa ya pili bila ruhusa ya paa hana njia. Aliye nayo tayari abadilishe anwani ya huduma kabla ya kuhama, na ahakikishe kuna nafasi kule aendako: Novemba 2024 kampuni hiyo ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa.

Stima ikipotea, kisanduku cha faiba hakihitaji jenereta. Kinatumia kama wati 8. Mini UPS (betri ndogo ya akiba) ya mAh 8,800 ina nguvu ya wati-saa 32 hivi, na ukitoa zinazopotea kwenye kubadilisha volti unabaki na kama 26, yaani saa 3 na kidogo. Hakikisha unachomeka waya wa volti 12, si wa 9. Sahani ya kawaida ya Starlink hula wati 75 hadi 100, kwa hiyo mini UPS hiyo haiwezi kuibeba.

Ukilazimika kulalamika

Sema kwa mpangilio huu, bila hasira na bila historia ndefu: namba ya akaunti, jengo na nyumba, taa ya PON ikoje, LOS ikoje, tangu lini, na kipimo cha kebo cha saa gani. Kisha ongeza: "Naomba unisomee nguvu ya mwanga kutoka kwenye mfumo, na unipe namba ya tiketi." Bila namba ya tiketi hukulalamika, ulipiga soga tu. Ukiambiwa fundi atakuja, uliza tarehe, na uandike jina la aliyekuambia. Malipo yoyote yaende kwenye akaunti rasmi ya kampuni, kamwe si kwenye simu ya fundi, hata akiwa mpole na mwenye haraka.

Siku zilizopotea bila huduma zidai. Kampuni isipokujibu kwa njia ya kuridhisha, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja chini ya kanuni za kuwalinda watumiaji, na ofisi zake kuu ziko Waiyaki Way. Itakuuliza kwanza kama ulianza kwa kampuni yenyewe. Hapo ndipo zile namba za tiketi, picha ya kipimo cha fundi na vipimo vya saa 3 usiku vinapohitajika, kwa hiyo viweke kwenye folda moja ya simu tangu siku ya kwanza.